Kung'oa dirisha la chuma na kuweka jipya bila kuumiza ukuta

Kabla sijaanza kung'oa madirisha ya chuma nilikuwa nayachomelea mwenyewe, kwa hiyo najua yalivyoshikwa ukutani. Jambo la kwanza ninalomwambia yeyote anayetaka kubadilisha ni hili: dirisha lile halikufungwa ili siku moja litolewe. Ubavuni mwa fremu tulichomelea miguu, yaani vipande vya bapa au nondo vyenye urefu wa kidole au zaidi. Vingine tulivipasua ncha na kuzitanua ili zege livishike sawasawa. Mwashi akaizika miguu hiyo ukutani, mpiga lipu akaja akafunika kila kitu. Leo unaona fremu nyembamba imekaa kimya kwenye lipu, lakini ndani imeng'ata tofali sehemu sita au nane.

Ndiyo maana nyundo kubwa haifai. Ukiipiga fremu, nguvu yote inapita kwenye miguu na kuishia kwenye tofali. Tofali linapasuka, kona ya lipu inadondoka, na fremu bado ipo. Njia ninayoieleza hapa inafuata wazo moja tu: fremu ikatwe vipande ikiwa palepale ilipo, kila kipande kivutwe kuelekea katikati ya tundu, ukuta ubaki mzima. Ukuta ukibaki mzima, kufunga dirisha jipya ni vipimo na subira. Ukuta ukibomoka, utafanya kazi ya mwashi kwanza, na dirisha jipya litakaa kwenye kiraka.

Je, lazima litoke?

Chukua bisibisi ya zamani uichomeke kwa nguvu kwenye chuma cha chini cha fremu, hasa kwenye pembe mbili za chini ambako maji ya mvua hutuama. Ikichubua unga wa kahawia kisha ikagota kwenye chuma kigumu, fremu hiyo bado ina maisha. Ikizama, au kutu ikabanduka kwa magamba mazito, chuma kimekwisha. Kutu hujaza nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, na huko kuvimba ndiko kunakopasua kioo pembeni bila mtu kukigusa, na ndiko kunakoinua lipu upande wa nje. Ukiona nyufa nyembamba zinaanzia kwenye fremu na kuingia ukutani, zikijirudia kwa nafasi zinazokaribia kulingana, hapo ndipo ilipo miguu, na inaoza ndani kwa ndani. Ziwekee alama kwa penseli. Baadaye zitakuonyesha pa kukata.

Fremu yenye kutu ya juu juu tu nawashauri watu waiache. Isuguliwe, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, puti ya vioo, ule udongo mgumu unaovishika, ibadilishwe, bawaba zitiwe mafuta. Vyuma vya dirisha la zamani ni vyembamba kuliko vya dirisha lolote jipya, na chumba hupata mwanga mwingi kwa sababu hiyo. Inaniuma kuona fremu iliyonyooka ikikatwa kwa sababu tu imechakaa rangi.

Kama kinachokukera ni jasho linalotiririka kwenye chuma asubuhi za baridi, jua kwanza unanunua nini. Alumini hupitisha joto karibu mara nne ya chuma cha kawaida, kwa hiyo dirisha la alumini la kawaida nalo litatoka jasho. Linalosaidia ni lile la alumini lenye mkanda wa nailoni unaotenganisha upande wa nje na wa ndani, au la PVC, au la mbao, tena lenye kioo cha tabaka mbili. Mwombe muuzaji akuonyeshe kipande cha fremu kilichokatwa. Mkanda huo mweusi unaonekana kwa macho, na asiyekuwa na kipande cha kukuonyesha mpite.

Jambo jingine la kuamua mapema: dirisha la kusukuma kando, hata likiwa wazi kabisa, linakupa nusu tu ya hewa ya tundu, kwa sababu kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. La bawaba hufunguka lote. Kwa chumba cha kulala chenye dirisha moja mimi huchagua la bawaba bila kusita, na nahakikisha angalau mlango mmoja wa dirisha unatosha mtu mzima kupenya moto ukitokea. Na kwa kuwa nguzo za dirisha jipya ni nene, kama la zamani liligawanywa sehemu tatu fikiria mbili. Kila nguzo unayoipunguza inakurudishia mwanga.

Kupima: usiiamini lipu

Unachokiona ukiwa chumbani siyo tundu halisi. Lipu imepanda juu ya ukingo wa fremu kwa sentimita moja, mbili, hata tatu, na kila upande kwa kiasi chake. Ukipima kutoka lipu hadi lipu, dirisha litakuja dogo na utabaki na mapengo ya kujaza. Kwa hiyo chukua tindo nyembamba na nyundo ndogo, utoboe vidirisha vya kuchungulia, kila kimoja upana wa vidole viwili, viwili au vitatu kila upande, mpaka uone ukingo wa fremu na tofali lililo nyuma yake. Uharibifu huo ni mdogo, na utazibwa pamoja na mengine.

Pima upana juu, katikati na chini, kisha kimo kushoto, katikati na kulia. Shika kipimo kidogo kuliko vyote katika upana, na kidogo kuliko vyote katika kimo. Halafu pima ulalo, pembe hadi pembe, pande zote mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 10, tundu limepinda, na dirisha lako lazima liwe mstatili ulionyooka unaoingia ndani ya tundu hilo lililopinda. Kutoka kwenye vipimo vidogo vile toa milimita 10, ili kila upande ubaki na 5. Kama tundu limepinda sana au dirisha ni refu, toa zaidi. Pengo hilo lina kazi: alumini yenye urefu wa mita 2 hurefuka kwa karibu milimita 2 joto linapopanda kwa nyuzi 40, na PVC hurefuka zaidi ya hapo. Dirisha lililobanwa bila nafasi hujikunja mchana wa jua na kukataa kufungwa.

Mimi huandika vipimo kwa penseli ukutani, pembeni mwa dirisha lenyewe, upana kwanza kimo baadaye, kwa milimita. Karatasi inapotea mfukoni. Ukutani vinabaki, na dirisha jipya likifika unalisimamisha mbele yake na kulipima palepale. Usilikate la zamani kabla la jipya halijafika na kupimwa. Hilo sina mjadala nalo, kwa sababu nyumba yenye tundu wazi usiku haina amani, na dirisha lililokuja na kosa la sentimita mbili huchukua wiki kutengenezwa upya. Kioo cha usalama, kile kinachovunjika kwa chembe butu, hakiwezi kukatwa tena kikishapikwa kiwandani.

Ukiwa bado na tepu mkononi, tazama juu ya dirisha. Kuna linta ya zege au ya chuma inayobeba ukuta? Katika baadhi ya nyumba za zamani, hasa kwenye madirisha mapana na yale yanayokunja kona ya nyumba, nguzo za fremu ndizo zilizosaidia kubeba uzito wa juu. Ukiona ufa unaopanda kwa ngazi ngazi kutoka pembe ya juu, au chuma cha juu kimepinda kuelekea chini, au huioni linta kabisa, simama hapo. Mwite mhandisi au mwashi mzoefu aje aweke mihimili ya muda kwanza.

Rangi ya zamani na puti

Sehemu hii watu huiruka, nami naomba usiiruke, hasa kama kuna mtoto au mjamzito nyumbani. Chuma cha zamani mara nyingi kilipakwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978. Nchi nyingine zilichelewa zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kipande cha rangi kilichobanduka hakina hatari kubwa kikiokotwa na kutupwa. Hatari iko kwenye vumbi na moshi, na grainda hutengeneza vyote viwili.

Kuna vijiti vya kupimia risasi vinavyobadilika rangi ukivisugua kwenye rangi iliyokwaruzwa hadi chini. Kama huna, chukulia kwamba risasi ipo. Usipige msasa mkavu, usichome rangi kwa moto. Pale utakapopitisha jiwe la kukatia la grainda, ondoa kwanza rangi kwa kukwangua ikiwa imelowa, upana wa vidole viwili, huku unanyunyizia maji kwa chupa ya kupulizia. Fanya hivyo kabla kifaa chochote cha umeme hakijachomekwa. Vaa barakoa yenye chujio la P3, lile la kuzuia vumbi laini kabisa. Kitambaa hakizuii chochote hapa. Tandika turubai ndani na nje, ziba mlango wa chumba kwa nailoni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Puti nayo, katika baadhi ya madirisha ya zamani, ilichanganywa na asbesto, madini yenye nyuzi ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Kwa macho huwezi kujua. Kipande kidogo kikilowanishwa na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni kinaweza kupimwa maabara. Ikithibitika ipo, kazi hiyo waachie wenye leseni ya kuishughulikia.

Vifaa

Grainda ndogo ya milimita 115 au 125, mawe membamba ya kukatia chuma ya milimita 1, msumeno wa chuma, drili, tindo mbili, nyundo ya kawaida, mtaimbo mfupi, pimamaji, koleo, miwani inayofunika pembeni, glavu nene za kushikia vioo, na mtu wa pili. Huyo mtu wa pili siyo wa hiari.

Kuhusu mawe ya kukatia nina neno. Geuza jiwe utazame ule mduara wa chuma ulio katikati: pameandikwa mwezi na mwaka. Gundi inayoshikilia jiwe huchoka hata likiwa halijatumika, na watengenezaji huhesabu miaka 3 tangu lilipotengenezwa. Tazama pia kasi iliyoandikwa. Grainda ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na jiwe lazima liwe limeruhusiwa kasi hiyo au zaidi. Jiwe lililolowa, lililoanguka, au lililopitwa na tarehe, livunje na ulitupe. Na ile ngao ya grainda ibaki mahali pake, hata ikikuzuia kuingia kwenye kona. Kwenye kona tumia msumeno wa mkono.

Vioo na milango ya dirisha

Bandika gundi ya karatasi pana, ule utepe wa wapaka rangi, kwenye kioo chote, siyo alama ya mkasi tu, ili kikipasuka vipande vishikane. Anza na puti: igonge kwa tindo butu ukilaza mkono sambamba na kioo, kamwe usielekeze ncha kwenye kioo. Puti iliyokauka hubanduka kwa vipande virefu ukipata mwelekeo wake. Chini yake utakuta vipini vidogo vya waya au vibanio vilivyochomekwa kwenye chuma. Hivyo ndivyo vinavyoshika kioo, na asiyevitoa huvunja kioo akidhani puti bado inang'ang'ania. Vitoe kwa koleo, vyote, kisha mwenzako akiwa nje ameshika, sukuma kioo taratibu kutoka ndani.

Kioo cha milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa kila mita moja ya mraba. Kibebe kikiwa kimesimama wima, usikilaze. Kama puti imegoma kabisa na kioo hukihitaji, kifunike kwa blanketi pande zote mbili ukipasue ndani ya blanketi, ukianzia vioo vya juu.

Milango ya dirisha inayofunguka huja baadaye, ikiwa tayari haina vioo. Kata pini ya bawaba kwa msumeno, ya chini kwanza, mwenzako akiwa ameibeba. Nondo za kuzuia wezi kama zimechomelewa kwenye fremu, zikate karibu na fremu, moja moja, na acha mbili za mwisho mpaka mmekubaliana nani anashika wapi. Wavu mzima wa nondo ukiachia ghafla ni mzito kuliko unavyofikiri.

Kukata fremu

Kabla ya kukata chuma chochote, kata lipu. Pitisha jiwe la kukatia zege, au tindo kali, kuzunguka fremu yote, sentimita 2 kutoka ukingo wake, kina cha lipu tu. Mstari huo ndio utakaoamua ukuta wako utabaki na sura gani. Lipu iliyokatwa hubanduka hadi kwenye mstari na kuishia hapo. Isiyokatwa hufuata fremu na kubanduka upana wa kiganja.

Sasa tafuta miguu. Ulishaweka alama kwenye nyufa. Palipobaki, tumia sumaku ndogo: iteleze kwenye ukuta sentimita 4 au 5 kutoka kwenye fremu ili fremu yenyewe isiivute. Penye mguu wa karibu na uso utahisi mkono ukivutwa kidogo, kisha ukiachiwa. Pasipo na jibu la sumaku, chimbua kidogo lipu ya ukingoni kwa tindo, na mguu utajitokeza.

Funika kila kitu kilicho karibu. Cheche za grainda huchoma kioo na vigae na kuacha vidoti ambavyo havisuguliki, na zikitua kwenye alumini mpya hushika kutu hapo. Kwa hiyo lile dirisha jipya likae chumba kingine, na la jirani lizibwe kwa ubao. Mapazia yatoke. Ndoo ya maji iwepo, na baada ya mkato wa mwisho usiondoke. Kaa, fagia, kagua pembe za chumba kwa muda wa kutosha, maana cheche iliyoingia kwenye takataka kavu huanza kufuka baadaye.

Anza na nguzo ya kati. Ikate juu na chini, ukiacha kama sentimita 5 kila upande, na mikato iwe ya mshazari. Mkato wa moja kwa moja hukibana kipande kikajikaza. Wa mshazari hukiacha kiteleze. Kisha nguzo ya ubavuni: ikate mahali pawili katikati, umbali wa kama sentimita 20, kipande hicho kitoke. Sasa una ncha mbili zilizo huru. Kata mguu ulio karibu na ncha kwa kuingiza jiwe au ulimi wa msumeno kati ya fremu na ukuta, halafu weka mtaimbo nyuma ya chuma. Nyuma ya mtaimbo weka kipande cha ubao kilichoegemea ukuta, kikubwa kuliko kiganja. Bila ubao, mtaimbo hutoboa tofali.

Vuta kidogo, sikiliza. Sauti ya mkwaruzo mkavu ni lipu inayoachia, endelea. Ukiona ukuta wa pembeni unatikisika pamoja na chuma, kuna mguu ambao haujakatwa. Acha kuvuta, utafute. Hapa ndipo wenye haraka hubomoa ukuta, kwa kuongeza nguvu palipohitaji mkato mmoja zaidi. Fremu ikishaachia, ikunje kuelekea katikati ya tundu, huku ukiisaidia kwa koleo, mpaka ifike kwenye pembe, kisha uikate hapo.

Maliza ubavu wa pili kwa namna hiyohiyo, halafu chuma cha chini, cha juu kiwe cha mwisho. Cha juu kikatwe vipande vifupi, mwenzako akikishika kwa glavu kutoka kwenye ngazi imara au mancheda, asiwe chini yake. Kama ni ghorofani, weka kizuizi chini nje, mtu asipite.

Tundu lililobaki

Mabaki ya miguu yasiachwe yakiwa usawa wa ukuta. Yachimbue yote kama yanatoka kirahisi. Yanayogoma yakate sentimita 2 ndani ya uso, yasugue kwa brashi ya waya, yapake rangi ya kuzuia kutu yenye zinki, kisha ziba. Ukiyafunika yakiwa na kutu, yataendelea kuvimba chini ya lipu mpya.

Ziba mashimo kwa mota ya saruji kiasi kimoja kwa mchanga vitatu au vinne, baada ya kufagia vumbi na kulowanisha tofali. Mota haishiki kwenye vumbi. Kizingiti cha chini kiinamie nje ili maji yasirudi ndani, na ukingo wake wa nje uchomoze sentimita 3 au 4 kupita ukuta, ukiwa na mfereji mwembamba upande wa chini wa kudondoshea matone. Kisha subiri. Palipojengwa upya kwa upana pasitobolewe kabla ya siku saba, maana saruji mbichi hupasuka skrubu inapobana. Kwa siku hizo tundu lizibwe kwa ubao mnene uliofungwa kwa skrubu kutoka ndani. Kama ukuta umebaki mzima na umeziba vishimo tu, unaweza kuendelea siku hiyohiyo, ukitoboa mbali na viraka.

Kufunga jipya

Likiwezekana litoe vioo na milango, ufunge fremu tupu. Ni nyepesi na inaonyesha makosa upesi. Pande zitakazogusa saruji mbichi zibandike gundi ya karatasi, kwa sababu saruji ikiwa imelowa huila alumini na kuacha madoa meupe yasiyofutika.

Weka vibao vya plastiki chini, karibu na pembe na chini ya kila nguzo, mpaka pimamaji iseme sawa. Simamisha fremu, ibane kwa kabari kwenye pembe tu. Kabari katikati ya ubavu huisukuma fremu ndani ikapinda, hata kama macho hayaoni. Pima wima pande mbili: ukitazama kutoka chumbani, na ukitazama ubavuni kama fremu imeegemea mbele au nyuma. Pima ulalo tena. Zikipishana zaidi ya milimita 2 au 3, rekebisha sasa.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na ya kwanza iwe sentimita 15 kutoka kila pembe, nyingine zifuate kwa nafasi isiyozidi sentimita 60. Ziingie kwenye tofali kwa plagi, zisiingie kwenye mstari wa mota kati ya tofali na tofali. Nyuma ya kila skrubu, kati ya fremu na ukuta, weka kibao cha plastiki cha unene wa pengo. Skrubu ikikazwa penye utupu huivuta fremu ukutani. Kaza mbili za juu na mbili za chini, kisha rudisha mlango mmoja uufungue na kuufunga. Ukikwaruza mahali, legeza. Ukiteleza, malizia skrubu nyingine.

Kioo hakikai juu ya chuma wala alumini, hukaa juu ya vibao vya plastiki. Kwenye mlango wa bawaba za ubavuni, kibao kimoja huwekwa chini upande wa bawaba na kingine juu upande wa komeo. Mpangilio huo hupeleka uzito wa kioo kwenye bawaba ya chini, na mlango haulegei pembe. Mlango unaokwaruza chini baada ya miezi michache karibu kila mara umekosewa hapo.

Kuziba, na maji

Palipobaki mapengo mapana, ya kama milimita 10 hadi 25, yajaze povu la kujazia, lile linalovimba kidogo, baada ya kupulizia maji kidogo ukutani kwa kuwa povu hilo hukauka kwa unyevu. Jaza nusu ya pengo tu, fungua hewa, vaa glavu. Likikauka kata kwa kisu. Povu halibebi dirisha na jua hulisaga likawa unga, kwa hiyo nje lazima lifunikwe.

Silikoni ya nje ndiyo watu wengi hununua vibaya. Ile yenye harufu kali ya siki haifai hapa: asidi yake hushambulia chuma, na haishiki vizuri kwenye saruji. Tafuta isiyo na harufu ya siki, iliyoandikwa kuwa ni ya madirisha na zege. Kwenye pengo pana, tangulia na kamba ya sponji ndani, ili silikoni ishike pande mbili tu, fremu na ukuta. Ikishika na nyuma pia, haiwezi kutanuka na kusinyaa, hupasuka katikati. Panguse kavu kabla, pitisha kwa mkono mmoja bila kusimama, lainisha kwa kijiko kilichoguswa maji ya sabuni.

Upande wa nje chini ya fremu kuna matundu madogo ya kutolea maji. Usiyazibe kwa silikoni wala lipu. Bandua pia ile nailoni ya kulinda fremu mara kazi ya lipu inapokwisha, maana jua huipika ikang'ang'ania.

Dirisha jipya halivujishi hewa kama la zamani. Kama chumbani kuna jiko la mkaa, la gesi au la mafuta, matundu ya hewa ya ukutani yasizibwe kamwe. Hewa ya sumu itokanayo na moto haina harufu, na lile dirisha bovu lilikuwa likikuokoa bila wewe kujua.

Silikoni ikishakauka, siku mbili tatu baadaye, mwagia maji kwa mpira kutoka nje, ukianza na kizingiti, dakika chache, kisha pande, mwisho juu. Mwenzako awe ndani na karatasi laini, aipitishe kwenye kila kona. Ukianzia juu maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Yakionekana ulipokuwa chini, rudia silikoni ya kizingiti na ukague mwinamo wake. Yakionekana ulipofika pande, kuna mahali silikoni haikushika, na kidole kikibonyeza kitapaona pakiachia. Yakianza ulipofika juu tu, usihangaike na dirisha. Kagua ukuta na linta iliyo juu yake.